Majina Ukutani: Mashabiki wa Soka katika Medani za Vita za Ubelgiji na Ufaransa ya Kaskazini

Katika historia ya safari za Waingereza kwenda bara la Ulaya, wafiwa waliokwenda kutafuta makaburi ya askari wao na mashabiki waliokwenda kuzishangilia timu zao wamezoeleka kuandikwa katika vitabu tofauti, kana kwamba hawakuwahi kupita katika bandari moja wala kulala katika mji mmoja. Ukweli ni kwamba makundi hayo mawili yalivuka bahari ileile nyembamba, yakashuka Calais au Ostend, na kufikia miji ileile ya Ubelgiji na Ufaransa ya Kaskazini, ambako kati ya mwaka 1914 na 1918 majeshi yalikabiliana katika mahandaki yaliyotanda kutoka pwani ya Ubelgiji hadi mpaka wa Uswisi. Mstari huo wa mahandaki ndio wanahistoria wanaouita Ukanda wa Magharibi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwishoni mwa karne ya 20 makundi hayo mawili yalianza kuwa kundi moja, kwa maana kwamba shabiki mwenye tiketi ya mechi ya jioni alionekana asubuhi ya siku hiyohiyo akipita kati ya safu za mawe meupe ya makaburi, akisoma majina. Kilichomwezesha kufanya hivyo hakikuwa huruma peke yake. Zilikuwapo orodha, na bila orodha hizo safari ya namna hii isingekuwa na pa kuanzia wala pa kuishia.

Orodha hizo zilitokana na uamuzi wa kiserikali ambao wakati wake uliwachukiza wengi. Mwaka 1915 mamlaka za kijeshi za Uingereza zilipiga marufuku kurudisha nyumbani miili ya waliouawa, na Mei 1917 ikaundwa Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita, chombo kilichopewa jukumu la kutunza makaburi ya askari wa dola nzima ya Uingereza mahali walipofia. Tume hiyo, iliyoongozwa na Fabian Ware, iliamua kwamba jemadari na askari wa kawaida wapewe jiwe la aina moja, na kwamba yeyote ambaye mwili wake haukupatikana jina lake lichongwe ukutani. Matokeo ya uamuzi huo yanaonekana hadi leo. Lango la Menin mjini Ypres, lililobuniwa na Reginald Blomfield na kuzinduliwa Julai 1927, lina majina zaidi ya 54,000, na bado halikutosha, kiasi kwamba waliopotea baada ya katikati ya Agosti 1917 walilazimika kuandikwa katika ukuta mwingine, kwenye makaburi ya Tyne Cot. Mnara wa Thiepval katika eneo la mto Somme, kazi ya Edwin Lutyens iliyozinduliwa mwaka 1932, una majina zaidi ya 72,000.

Kwa kuwa miili haikuletwa nyumbani, ndugu walilazimika kuifuata. Kampuni ya Michelin ilikuwa imekwisha kuchapisha kitabu cha kuwaongoza wageni kwenye medani za Marne mwaka 1917, vita vikiendelea, na baada ya amani vitabu vya aina hiyo viliongezeka haraka. Kwa mama mjane wa Lancashire au Glasgow, hata hivyo, nauli ilikuwa mzigo usiobebeka, na ndiyo sababu jumuiya za hisani kama ile ya Mtakatifu Barnaba, iliyoanzishwa na mchungaji mmoja mwaka 1919, zilikusanya michango ili wafiwa maskini wavushwe kwenda Ypres na Somme. Agosti 1928 chama cha maveterani cha Uingereza kiliwapeleka watu wapatao 11,000 kwa mkupuo mmoja, msafara uliomalizikia kwenye Lango la Menin. Katika miaka hiyo ulizuka ubishi, ambao haujaisha, kuhusu nani ni haji na nani ni mtalii tu. Ubishi huo ulikuwa wa kitabaka kuliko ulivyokiri, kwani aliyeitwa mtalii mara nyingi alikuwa mtu mwenye fedha za kutosha kuja bila kuwa na kaburi la kutafuta.

Wakati huo mpira wa miguu ulikuwa na deni lake katika vita hivyo. Vita vilipoanza, chama cha soka cha England na ligi yake viliamua kuendelea na msimu wa 1914 na 1915 hadi mwisho, na uamuzi huo ulishambuliwa vikali magazetini na wale walioona aibu kwa vijana wenye siha kukimbiza mpira huku wenzao wakifa. Fainali ya kombe la England ya Aprili 1915, iliyochezwa Old Trafford na ambayo Sheffield United iliifunga Chelsea mabao 3-0, iliitwa fainali ya kaki kwa sababu ya wingi wa watazamaji waliovaa sare za jeshi. Ni katika mashinikizo hayo ndipo Desemba 1914 kilipoundwa kikosi cha 17 cha Middlesex, batalioni iliyokusudiwa kuwaandikisha wachezaji na mashabiki wao, katika mkutano uliofanyika kwenye ukumbi wa mji wa Fulham. Klabu ya Clapton Orient, inayojulikana leo kama Leyton Orient, ilitoa watu 41, wakiwamo wachezaji, wafanyakazi na mashabiki. Mjini Edinburgh, Hearts ilikuwa kileleni mwa ligi ya Uskoti wachezaji wake 11 walipojiandikisha kwa pamoja mwezi Novemba katika kikosi cha 16 cha Royal Scots, kilichojulikana kwa jina la kamanda wake George McCrae, na wakafuatwa na mashabiki wa Hearts na wachezaji wa klabu nyingine za Uskoti.

Mpira wenyewe pia ulifika mstari wa mbele. Katika mapigano ya Loos ya Septemba 1915, askari wa London Irish walisonga mbele wakiupiga mpira kuelekea mahandaki ya Wajerumani, na tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme, nahodha Wilfred Nevill wa kikosi cha East Surrey aliwapa askari wake mipira ya kuipiga mbele wakati wa kushambulia karibu na kijiji cha Montauban. Nevill aliuawa siku hiyohiyo. Magazeti ya Uingereza yaliifanya habari hiyo kuwa kielelezo cha ushujaa wa kimchezo, ilhali upande wa Ujerumani uliiona kuwa ni upumbavu. Msomaji wa leo hana haja ya kuchagua mojawapo, kwani inayumkinika zaidi kwamba Nevill alitafuta namna ya kuwashughulisha vijana wasioijua vita, ili macho yao yawe kwenye mpira katika dakika ambazo hofu ingeweza kuwapooza miguu.

Baada ya vita, mashabiki hawakuwafuata wafiwa mara moja. Vyama vinne vya soka vya Uingereza vilijitoa FIFA mwaka 1920 kwa kukataa kucheza na mataifa yaliyokuwa maadui, na ingawa England ilikwenda Brussels mwaka 1921 kucheza na Ubelgiji, watazamaji waliovuka bahari kwa ajili ya mechi katika miaka hiyo walikuwa wachache, wengi wao watu wenye nafasi. Mfanyakazi wa kiwanda alikuwa na nusu siku ya mapumziko Jumamosi, na muda huo haukutosha kwenda Brussels na kurudi. Mlango ulifunguliwa na mashindano ya klabu za Ulaya yaliyoanza mwaka 1955. Manchester United, klabu ya kwanza ya England kushiriki Kombe la Ulaya, ilianza safari yake dhidi ya Anderlecht mjini Brussels Septemba 1956, na katika miongo miwili iliyofuata meli, mabasi ya kukodi na ndege za bei nafuu ziliifanya safari ya ugenini kuwa desturi ya watu wa kawaida. Desturi hiyo ilichafuka. Fujo za miaka ya 1970 na 1980, na hasa maafa ya uwanja wa Heysel mjini Brussels Mei 1985 yaliyoua watu 39, ziliifanya Ubelgiji kuwa nchi ambayo shabiki Mwingereza alipokelewa na farasi wa polisi, na klabu za England zikafungiwa kushiriki mashindano ya Ulaya kwa miaka mitano.

Hakuna mji unaoonyesha vizuri kukutana kwa historia hizi mbili kuliko Lens, mji wa makaa ya mawe wa Ufaransa ya Kaskazini wenye wakazi wapatao 32,000 na uwanja wa mpira unaochukua watu wapatao 38,000. Wajerumani waliuteka mji huo Oktoba 1914 na kuushikilia kwa miaka minne, huku mizinga ya Waingereza, Wafaransa na Wakanada ikiupiga kutoka vilima vinavyouzunguka, hata ulipokombolewa mwaka 1918 hapakuwa na nyumba nzima iliyosalia, na migodi yake ilikuwa imejazwa maji kwa makusudi. Kampuni ya migodi ndiyo iliyoujenga upya mji, na kampuni hiyohiyo ndiyo iliyotoa eneo la uwanja wa mpira, uliojengwa na wachimbaji waliokuwa wamekosa kazi wakati wa mdororo wa uchumi na kufunguliwa mwaka 1933. Baadaye uwanja ulipewa jina la Félix Bollaert, mmoja wa wakurugenzi wa kampuni. Mtazamaji anayetoka nje ya uwanja huo anaona vilima vyeusi vya taka za migodi upande mmoja, na mwendo wa dakika chache kwa gari upande wa kusini anafika kwenye kilima cha Vimy, ambacho Wakanada walikiteka Aprili 1917. Juu yake umesimama mnara wa chokaa nyeupe uliobuniwa na Walter Allward na kuzinduliwa mwaka 1936, wenye majina 11,285 ya Wakanada waliofia Ufaransa bila kuwa na kaburi linalojulikana. Loos iko jirani zaidi, kaskazini mwa mji.

Kombe la Dunia la 1998 lilileta mechi kadhaa Lens. Ujerumani ilipocheza na Yugoslavia mwezi Juni, wahuni wa Kijerumani walimpiga askari polisi mmoja wa Ufaransa hadi akapata ulemavu wa kudumu, na siku tano baadaye England iliifunga Colombia 2-0 katika uwanja huohuo, mji ukiwa umejaa hofu na marungu. Miaka 18 baadaye, tarehe 16 Juni 2016, England na Wales zilikutana hapo katika mashindano ya mataifa ya Ulaya, na mashabiki waliokuja walikuta eneo lililokwisha kubadilika. Kwenye kilima cha Notre-Dame-de-Lorette, pembeni ya makaburi makubwa kuliko yote ya kijeshi ya Ufaransa, kulikuwa kumefunguliwa Novemba 2014 mnara wa duara uitwao Pete ya Kumbukumbu, kazi ya msanifu Philippe Prost. Mbao zake za chuma zimeandikwa majina 579,606 ya waliofia eneo hilo, kwa mpangilio wa alfabeti, bila kutaja cheo wala taifa, kiasi kwamba Mwingereza na Mjerumani wenye ukoo unaofanana wamewekwa bega kwa bega. Huenda hakuna mnara mwingine Ulaya unaopingana waziwazi hivyo na mantiki ya jukwaa la mpira, ambako kila kitu hutegemea kujua nani ni wetu na nani si wetu.

Mashabiki wa klabu, kwa upande wao, walikuwa wamechukua njia iliyo kinyume, ya kuwatafuta walio wao. Huko Contalmaison, kijiji kidogo cha Somme ambacho kikosi cha McCrae kilikishambulia tarehe 1 Julai 1916, ulijengwa mwaka 2004 mnara wa mawe kwa mtindo wa Kiskoti, baada ya mpango uliowahi kutajwa miaka ya baada ya vita kulala kwa zaidi ya miongo minane. Wachezaji watatu wa Hearts, Duncan Currie, Ernest Ellis na Harry Wattie, waliuawa siku hiyo moja. Kila mwaka mashabiki wa Hearts hurudi kijijini hapo, na pamoja nao huja watu wa klabu nyingine ambazo wachezaji wake walipigana katika kikosi hicho, ikiwamo Hibernian, mahasimu wa jadi wa Hearts mjini Edinburgh. Huko Longueval, mnara wa batalioni ya wachezaji ulisimamishwa mwaka 2010, na mwaka uliofuata Orient wakapata wao katika kijiji cha Flers kwa michango ya mashabiki.

Safari ya mashabiki wa Orient inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu inaonyesha namna orodha inavyotengeneza njia. Klabu hiyo ilipoteza wachezaji watatu mwaka 1916. William Jonas aliuawa katika msitu wa Delville na mwili wake haukupatikana, hivyo anatafutwa katika ukuta wa Thiepval. Rafiki yake Richard McFadden, mfungaji hodari wa timu, alikufa kwa majeraha Oktoba na kuzikwa Couin, nyuma ya mstari wa mapigano ambako hospitali za kijeshi zilikuwa. George Scott alitekwa na kufia mikononi mwa Wajerumani, na kaburi lake liko Le Cateau, mbali upande wa mashariki, mahali ambapo wageni wa kawaida wa Somme hawafiki. Anayewafuata watatu hao kwa siku moja analazimika kuuvuka mstari wa vita kutoka upande hadi upande. Anapomaliza ameona ukuta wa waliopotea, makaburi ya hospitali na makaburi ya mateka, yaani njia tatu ambazo kwazo vita ile iliwapokea wanaume, na hakuna kitabu cha kuongoza watalii kilichompangia mzunguko huo. Kwa namna hiyohiyo wafuasi wa Tottenham na Northampton wanakwenda Arras, ambako ukutani limo jina la Walter Tull, mshambuliaji aliyezaliwa Folkestone kwa baba kutoka Barbados. Tull alifanywa ofisa mwaka 1917 ingawa kanuni za jeshi zilikusudia cheo hicho kiwe cha watu weupe, akauawa Machi 1918, na mwili wake haukuonekana tena.

Mahali pengine panapowavuta mashabiki, hata hivyo, hapana jina la mtu yeyote. Karibu na Ploegsteert, kusini mwa Ypres, mashabiki huacha mipira na skafu za klabu zao kukumbuka Krismasi ya 1914, wakati askari wa pande mbili walipotoka mahandakini, wakazika maiti wao, wakabadilishana sigara, na sehemu fulani wakapiga mpira. Barua za wakati huo zinathibitisha kwamba suluhu hizo za muda zilitokea na kwamba mpira ulitajwa, lakini ushahidi wa mechi iliyopangwa, yenye timu kamili na mwamuzi, ni mwembamba sana. Desemba 2014 rais wa shirikisho la soka la Ulaya, Michel Platini, alizindua mnara hapo, na tangu mwaka 2011 ligi kuu ya England imekuwa ikiwapeleka Ypres vijana wa chini ya miaka 12 wa klabu zake kushindana na wenzao wa Ulaya na kuzuru makaburi. Inaeleweka kwa nini taasisi za soka zimelipenda tukio hilo, kwani ndilo pekee katika vita vile ambalo mpira unaonekana kuwa na mkono safi. Contalmaison inauliza swali gumu zaidi, la klabu kuwaita mashabiki wake waende vitani.

Si kila shabiki anayesafiri hutafuta kumbukumbu za namna hii, na kwa miongo mingi vita vilivyosikika zaidi majukwaani vilikuwa ni vile vya pili vya dunia, vilivyogeuzwa nyimbo za kuwakebehi Wajerumani. Dhidi ya hali hiyo, vyama na klabu vimejaribu kuutumia ugeni wenyewe kama somo. Katika mashindano ya Ulaya ya 2012 nchini Poland na Ukraine, ujumbe wa timu za England, Italia, Uholanzi na Ujerumani ulizuru Auschwitz, na mwaka 2018 Chelsea ilitangaza kwamba baadhi ya mashabiki waliopatikana na kosa la kuwatusi Wayahudi wangeweza kupelekwa huko badala ya kufungiwa tu kuingia uwanjani. Kuna jambo la kutia shaka katika kuifanya kambi ya mauaji kuwa sehemu ya adhabu za klabu, ingawa ni vigumu kukana kwamba marufuku peke yake haikuwa imemfundisha mtu yeyote chochote.

Vita vile vya kwanza vilipiganwa Afrika Mashariki pia, na hapo ndipo uzito wa orodha unapoonekana kwa kukosekana kwake. Kampeni dhidi ya jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck iliendeshwa kwa migongo ya wapagazi, wanaume waliobeba chakula na risasi mahali ambapo mbung'o waliua wanyama wa mizigo na barabara hazikuwapo, na makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba wapagazi wapatao 95,000 walikufa katika utumishi wa Waingereza, wengi wao kwa maradhi na njaa. Mtaa wa Kariakoo jijini Dar es Salaam umebeba jina la kikosi chao, na ni katika mitaa ya eneo hilo ambako Simba na Yanga zimeweka makao yao makuu, kwa hiyo mashabiki wanaokusanyika Msimbazi au Jangwani kabla ya mechi ya watani wako kwenye ardhi ya kumbukumbu ya vita bila kuwapo ukuta wa kuwaambia hivyo. Sanamu za Askari zilizosimamishwa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1920 zinawaenzi askari na wapagazi kwa jumla, wala hazina jina hata moja.

Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Tume iliyosisitiza usawa wa mawe huko Ufaransa ilikubaliana na watawala wa makoloni kwamba Waafrika hawakuhitaji makaburi yenye alama, na gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, alikuwa na maoni kwamba makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yamezwe na pori. Wala haiwezi kusemwa kwamba majina hayakujulikana kabisa, kwa kuwa wapagazi walisajiliwa kwa ajili ya mishahara, na mishahara isiyolipwa ya waliokufa ilikuwa hoja ya malalamiko nchini Kenya kwa miaka mingi. Mwaka 2021 kamati maalumu ya Tume hiyo, ambayo sasa inaitwa ya Jumuiya ya Madola, ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa uenyeji wa fainali za Mataifa ya Afrika za 2027, na mashabiki kutoka bara zima wanatarajiwa kuvuka mipaka ambayo wapagazi waliivuka kwa miguu. Baadhi yao watakuwa na jina la kutafuta. Januari 2025 ulizinduliwa katika bustani ya Company's Garden mjini Cape Town mnara wenye majina 1,772 ya Waafrika Kusini weusi waliokufa wakiwa katika vikosi vya kazi vya vita hivyo barani Afrika, wakiwamo waliofia Afrika Mashariki. Shabiki atakayetoka Johannesburg kuja Dar es Salaam anaweza kuanzia hapo, kama wa Orient anavyoanzia Thiepval. Mwenyeji atakayempokea Kariakoo, ambaye babu wa babu yake huenda alibeba mzigo kuelekea mto Rufiji, bado hana ukurasa wa kuufungua.